Last of the Summer Wine: wazee watatu wa Yorkshire na watazamaji waliogawanyika

Kati ya Januari 1973 na Agosti 2010, BBC ilirusha vipindi 295 vya tamthilia ya vichekesho iitwayo Last of the Summer Wine, na kila kimoja kiliandikwa na mtu yule yule, Roy Clarke, aliyewahi kuwa askari polisi na mwalimu kabla ya kuishi kwa kalamu yake. Ilipofungwa ilikuwa ikihesabiwa kuwa ndiyo tamthilia ya vichekesho iliyodumu miaka mingi kuliko zote duniani. Pamoja na umri huo mrefu, watazamaji wake hawajawahi kukubaliana juu yake. Mwaka 1999 waliipigia kura ikapata tuzo ya National Television Awards kama kipindi cha vichekesho kinachopendwa zaidi. Mwaka 2001 Malkia Elizabeth II alimwambia mwigizaji Thora Hird kwamba hicho ndicho kipindi anachokipenda kuliko vyote. Na mwaka 2003 wasomaji wa jarida la Radio Times, walipoulizwa ni kipindi gani wangependa kuona kikifutwa, walikipa hiki theluthi moja ya kura zipatazo 12,000, mara mbili ya kile kilichokifuata. Alan Bell, aliyekuwa mtayarishaji na mwongozaji wake, alijibu kwamba asiyekipenda asikitazame.

Jibu hilo halikutosha, kwa sababu wengi wa waliolalamika walikuwa watu waliokipenda zamani. Nimekitazama kipindi hiki tangu mwanzo wake hadi mwisho, na ninaamini kwamba wanaokisifu na wanaokikataa wote wanasema kweli, ila hawasemi juu ya kitu kimoja. Ndani ya jina hili moja mna tamthilia mbili. Ya kwanza ni mazungumzo ya watu wazima ambao maisha yamekwisha kuwapita na ambao bado wana akili, ulimi na muda. Ya pili ni michezo ya kuteremka kilimani kwa chombo chenye magurudumu. Ile ya kwanza ni kazi bora ya televisheni, na ni lazima itetewe dhidi ya ile ya pili, hata kama zote mbili zimetoka katika mkono mmoja.

Kisa chenyewe ni kidogo. Wanaume watatu waliosoma shule moja utotoni wanaishi Holmfirth, mji mdogo wa nyumba za mawe huko West Yorkshire, katika mabonde ya milima ya Pennines. Norman Clegg, aliyeigizwa na Peter Sallis, ni mgane aliyewahi kuuza linoliamu za sakafuni. Ni mpole, huukwepa ugomvi, na wanawake huwaogopa kuliko ugomvi wenyewe. Compo Simmonite, aliyeigizwa na Bill Owen, hana kazi wala haitafuti. Huvaa gambuti, kofia ya sufu iliyochakaa na koti alilolifunga kiunoni kwa kamba, na hufuga wale wanyama wadogo wa jamii ya kicheche ambao watu wa huko huwatumia kuwindia sungura. Wa tatu alibadilika mara kadhaa kadiri miaka ilivyokwenda, lakini kazi yake katika kundi ilibaki ile ile, nayo ni kujiona kiongozi wa wenzake wawili wasiotaka kuongozwa. Wa kwanza kuishika nafasi hiyo alikuwa Cyril Blamire, aliyeigizwa na Michael Bates, mtu nadhifu, mwenye fahari ya tai yake na msimamo wa kihafidhina. Hawana kazi, hawana mke wa kumrudia, na kiangazi cha kaskazini mwa Uingereza kina mchana mrefu. Basi wanatembea, wanakaa juu ya kuta za mawe, wanaingia katika mkahawa wa Sid na mkewe Ivy kunywa chai na kufokewa, na wakati wote huo wanazungumza.

Lawama ya kwanza ya watazamaji wasiokipenda ni kwamba hakuna kinachotokea. Lawama hiyo ningeikubali iwapo mazungumzo yenyewe yangekuwa ya kujaza muda tu, lakini katika misimu ya mwanzo mazungumzo ndiyo tukio. Clarke huandika watu wanaofikiri kwa sauti, na kila mmoja hufikiri kwa namna yake. Clegg huanzia kwenye jambo dogo, mathalani sura ya mwanamke aliyempita barabarani, kisha hulifuata hadi kwenye swali la kwa nini binadamu huoa, au Mungu anaiona Yorkshire kwa jicho gani, na huko hulisimamisha bila jibu. Compo huyarudisha mambo duniani, kwenye njaa, kwenye kiu, kwenye Nora Batty, jirani anayempenda. Wa tatu hujaribu kuyapanga yote kama mkutano wenye ajenda. Hakuna anayeshinda. Kinachochekesha ni jinsi wanavyojuana: kila mmoja anajua mwenzake atasema nini, anamwacha aseme, na bado anakasirika akishasema. Yeyote aliyewahi kukaa na wazee waliojuana tangu utotoni, mahali popote duniani, ataitambua hali hiyo mara moja.

Ubora huo hukaa pia katika vitu vidogo. Compo ana kiberiti anachokibeba mfukoni, na mara kwa mara hukifungua kidogo mbele ya mtu, hasa mwanamke, ambaye hutazama ndani na kurudi nyuma kwa hofu. Kwa miaka yote hiyo mtazamaji hakuwahi kuonyeshwa kilichomo. Mwandishi mwenye pupa angetuonyesha baada ya vipindi vitatu, lakini Clarke alituamini kwamba tungeweza kuishi bila kujua, na kila kiberiti kilipotolewa kicheko kilikuwa kipya, kwa sababu kilichokuwa kikichekesha ni uso wa anayetazama. Ndivyo ilivyo pia kwa soksi za Nora Batty, zile ndefu zenye mikunjo iliyoshuka hadi kwenye kifundo cha mguu, ambazo Kathy Staff alizivaa huku amesimama juu ya ngazi za mawe za nyumba yake, ufagio mkononi, akimsubiri Compo apande ili amteremshe. Compo anampenda kwa moyo wote. Anampenda akiwa na soksi zile, kitambaa kile cha kichwani na hasira ile, wala hatamani abadilike hata kidogo, na kwa maoni yangu hayo ni mapenzi ya kweli kuliko mengi yanayoimbwa na kuigizwa.

Muziki nao una sehemu yake. Ronnie Hazlehurst aliutunga ukiwa wa polepole, harmonika ikiongoza, bila lile shangwe ambalo vichekesho vya wakati ule vilizoea kuanza nalo. Ukiusikia mara ya kwanza unaweza kudhani unaanza kutazama hadithi ya huzuni, na kwa kiasi fulani hukukosea.

Watu husema kipindi hiki ni cha upole, na wengine hulitumia neno hilo kama tusi, wakimaanisha kwamba ni chakula laini cha wagonjwa. Lakini kipindi cha majaribio cha Januari 1973 kiliitwa Of Funerals and Fish, yaani mazishi yametajwa kabla ya kitu kingine chochote, na kinaanza na televisheni ya Compo kuchukuliwa na wenyewe kwa sababu hakuilipia, huku majirani wakishuhudia. Huo ni umaskini, na ni aibu mbele ya mtaa mzima. Clarke hakuuficha, na wala hakuugeuza hotuba. Katika misimu miwili ya kwanza, wale wanaume wanazungumza juu ya kifo mara nyingi kuliko wanavyozungumza juu ya hali ya hewa, na maktaba, kanisa na makaburi ni sehemu za kawaida za matembezi yao. Tukumbuke pia umri wao halisi. Mwaka 1973 Sallis alikuwa na miaka 52 na Owen 59. Hawakuwa vikongwe bali watu waliobakiwa na miaka mingi na ambao hakuna aliyewahitaji kazini wala nyumbani. Upole wa tamthilia hii umejengwa juu ya msingi mgumu hivyo, na ndiyo maana haukuporomoka upesi.

Ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili ni Getting Sam Home, kipindi kirefu cha Krismasi ya mwaka 1983, ambacho ninakiweka juu ya vyote 295. Rafiki yao Sam ni mgonjwa sana, na tamanio lake la mwisho ni kulala usiku mmoja kwa Lily, mwanamke aliyempenda nje ya ndoa. Wenzake wanamtorosha usiku na kumpeleka. Sam anafia huko huko, na sasa wale wanaume lazima wamrudishe nyumbani kwake kabla mkewe hajajua, wakiibeba maiti ya rafiki yao gizani. Kuna kila sababu ya kisa hiki kuwa kichafu au cha kuchukiza. Hakiwi hivyo hata mara moja, kwa sababu Clarke anamheshimu kila mmoja aliyemo: mke mkali anayestahili kulilia mume wake, mwanamke wa pembeni anayestahili kumwaga machozi asiyoruhusiwa kuyaonyesha, na marafiki wanaojua kwamba wanafanya kosa na wanalifanya kwa mapenzi. Unacheka huku koo limekaza. John Comer, aliyemwigiza Sid wa mkahawani, alikuwa mgonjwa kiasi kwamba sauti yake ilibidi iwekwe na mwigizaji mwingine, naye alifariki mwaka uliofuata. Ukilijua hilo huwezi kukitazama kipindi kile kwa wepesi.

Ubishi unaopendwa sana na mashabiki ni kuhusu nani alikuwa wa tatu bora. Michael Bates aliondoka baada ya misimu miwili kwa sababu ya ugonjwa, na alifariki mwaka 1978. Nafasi yake ilichukuliwa mwaka 1976 na Brian Wilde, aliyemwigiza Foggy Dewhurst, mwanajeshi wa zamani ambaye jeshini alikuwa mwandishi wa mabango lakini anapenda kuwasimulia watu jinsi alivyokuwa muuaji aliyefunzwa katika misitu ya Burma. Wapo wanaoshikilia kwamba Blamire alikuwa na makali zaidi, kwa kuwa ugomvi wake na Compo ulikuwa wa kitabaka na wa kisiasa, na hilo ni kweli. Owen na Bates wenyewe walikuwa na misimamo ya kisiasa iliyopingana vikali hata nje ya kamera. Hata hivyo mimi ni wa upande wa Foggy. Wilde alimpa sura ya mtu anayejua ndani ya moyo wake kwamba hakuna anayemwamini, na ambaye ni lazima aendelee kusimulia kwa sababu bila masimulizi hayo hana kitu. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kumtazama Foggy kwa makini, kwa maana askari wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) walipigana kweli Burma mwaka 1944, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na wengi wao walirudi nyumbani wasiseme neno. Foggy anasema kwa niaba ya jambo asilolifanya, na Wilde anatufanya tumhurumie bila kumtetea.

Wilde aliondoka mwaka 1985, na Michael Aldridge akaja kama Seymour Utterthwaite, mwalimu mkuu wa zamani anayebuni mashine zisizofanya kazi. Wilde akarudi mwaka 1990, kisha Frank Thornton akaingia mwaka 1997 kama Truly, polisi mstaafu. Seymour simchukii, lakini kwake ndipo tamthilia ya pili, ile ya magurudumu, ilipopata mlango mpana. Mbegu ilikuwepo kabla yake. Alan Bell, aliyeishika kazi ya kuongoza mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikuwa na jicho zuri la mandhari, na ni yeye aliyetupa vile vilima vya kijani na kuta za mawe kwa upana unaovutia hadi leo. Lakini jicho linalopenda kilima hutaka kitu kiteremke kutoka juu yake. Basi ikawa karibu kila wiki Compo anavalishwa mabawa, au anawekwa katika hodhi la kuogea, au anafungwa kwenye baiskeli ya ajabu iliyotengenezwa na fundi Wesley katika karakana yake, na mwisho wake unaujua kabla ya harmonika kunyamaza.

Hapa ninakubaliana kabisa na waliopiga kura katika Radio Times. Utani wa kuanguka si mbaya kwa asili yake, na watoto waliokua na kipindi hiki wanaukumbuka kwa furaha inayostahili kuheshimiwa. Tatizo ni kwamba ulianza kula dakika za mazungumzo. Kipindi kina nusu saa tu. Ukitumia dakika nane kuandaa chombo na mbili kukitumbukiza mtoni, Clegg anabaki na nafasi ya kusema sentensi moja nzuri na kushangaa. Hali hii iliongezwa uzito na wingi wa wahusika. Howard, mkewe Pearl na kipenzi chake Marina waliingia kutoka katika onyesho la jukwaani, na hila ya Howard kutoroka nyumbani ili akutane na Marina ilichekesha sana kwa miaka mitatu au minne. Ilirudiwa kwa zaidi ya ishirini. Robert Fyfe, Juliette Kaplan na Jean Fergusson walikuwa waigizaji wazuri, na inauma kuwaona wakipewa tukio lile lile, baiskeli ile ile na uongo ule ule, wakati kulikuwa na mambo mengi ambayo watu watatu waliokwama katika hali kama hiyo wangeweza kuambiana.

Lawama nyingine nzito inahusu wanawake. Watazamaji wengi, hasa wa kizazi cha sasa, wanasema kwamba katika dunia hii kila mwanamume ni mtoto na kila mwanamke ni askari magereza. Kwa miaka kumi ya kwanza sina jibu la kuwatetea: Nora na Ivy wapo ili wafoke, na ingawa wanafoka vizuri, hatuambiwi wanachokifikiria wakiwa peke yao. Mambo yalibadilika mwaka 1986, alipoingia Thora Hird kama Edie, mke wa Wesley. Kuanzia hapo wanawake walipata chumba chao, sebule ya Edie, ambako hukaa mduara, vikombe vya chai mapajani, na kuzungumza juu ya waume kama madaktari wanaozungumzia ugonjwa usio na tiba. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyookoa misimu mingi ya baadaye. Hird alikuwa hodari wa vitendo visivyo na maneno. Kabla ya Wesley kuingia na ovaroli lake lenye grisi, Edie hutandika magazeti sakafuni ili mumewe akanyage hayo. Akitoka nyumbani hufunga mlango kwa ufunguo, anausukuma, anashuka hatua mbili, anarudi kuusukuma tena, na tena, huku wenzake wakisubiri kwenye gari na hakuna anayethubutu kumharakisha. Hakuna maneno, na bado unaijua nyumba nzima, ndoa nzima na hofu zote za mama yule. Gordon Wharmby, aliyemwigiza Wesley, alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba kabla ya kupata nafasi hiyo, na utulivu wake kando ya Hird ni wa mtu aliyezoea kazi ya mikono na ambaye hana haja ya kujionyesha.

Swali ambalo huwagawa mashabiki wenyewe kwa wenyewe ni kama tamthilia ingepaswa kufungwa alipofariki Bill Owen. Owen alikufa Julai 1999, msimu ukiwa unaendelea kurekodiwa. Clarke alikuwa na njia rahisi mbili: kumsafirisha Compo kimya kimya, au kumtafuta mtu wa kuvaa gambuti zake. Hakuchukua hata moja kati ya hizo. Aliandika kifo cha Compo katika vipindi vitatu vilivyoonyeshwa mwaka 2000, na ndani yake Clegg na Truly wanaomboleza kama watu wa umri ule wanavyoomboleza kweli, kwa kushughulika, kwa kusahau kidogo kisha kukumbuka, kwa kuogopa ukimya wa mezani. Kisha anafanya jambo la ujasiri zaidi: anawafahamisha kwamba Compo, ambaye walidhani wanamjua kama viganja vya mikono yao, alikuwa na mwanamke mwingine aliyekuwa akimtembelea siku za Alhamisi, Reggie, aliyeigizwa na Liz Fraser, na kwamba mwanamke huyo naye ana huzuni yake. Nora Batty anapaswa kuupokea ukweli huo. Kathy Staff, ambaye kwa miaka 27 alikuwa amepewa ufagio na hasira, hapa anatuonyesha mwanamke aliyegundua kwamba aliyemfukuza kila siku ndiye aliyeijaza siku yake. Sijui waigizaji wengi wa vichekesho walioombwa kufanya hivyo na wakaweza.

Wanaosema ingekoma hapo wana hoja yenye nguvu. Vipindi vile vitatu vina uzito wa mwisho, na kila kilichofuata kilikuwa chepesi kuliko hivyo. Tom Owen, mtoto wa Bill wa kuzaa, aliletwa kama mtoto wa Compo. Alikuwa mwigizaji mwenye moyo, lakini mhusika wake hakuwahi kupata sababu ya kuwepo isipokuwa damu. Mwaka 2001 Staff naye aliondoka, akarudi baada ya miaka miwili. Thora Hird alifariki mwaka 2003, Wharmby akiwa ametangulia mwaka 2002. Katika misimu miwili ya mwisho, kwa kuwa gharama za bima za kuwarekodi Sallis na Thornton nje zilikuwa kubwa mno, wazee hao wawili walibaki ndani ya nyumba, na vilima wakaachiwa wengine, akiwemo Russ Abbot. Tamthilia iliyoanza na watu wanaotembea ikabakiwa na Clegg aliyekaa kitini. Kwa upande wa usanii, hilo ni pigo.

Hata hivyo sikubaliani kwamba miaka kumi ile ilikuwa bure. Televisheni ina desturi ya kuwaondoa wazee kabla hawajazeeka vizuri, na hapa tulikuwa na waigizaji wenye miaka sabini na themanini wanaopewa maneno ya kusema, wanaocheza watu wenye tamaa, wivu, ubahili na ndoto. Jean Alexander, kama Auntie Wainwright anayeuza vitu vikuukuu katika duka lake lenye giza na asiyemruhusu mtu kutoka bila kununua, alikuwa na ukali mtamu hadi mwisho. Mzee au bibi aliyekuwa akitazama Jumapili jioni aliona watu wa rika lake wakiwa na shughuli, wakibishana na kutongozana, bila muswada kuwaonea haya. Nimesikia vijana wakisema kwamba hicho ni kipindi cha kutazama na bibi, wakikusudia kukishusha. Kutazama pamoja na bibi, wote wawili mkicheka jambo moja kwa wakati mmoja, ni kitu ambacho tamthilia chache sana zinaweza kukitoa, na kwa kigezo hicho hata misimu dhaifu imelipa deni lake.

Sallis, ambaye dunia nzima inamjua pia kwa sauti ya Wallace katika filamu za Wallace na Gromit, ndiye pekee aliyeonekana katika vipindi vyote 295. Ukitazama kipindi cha 1973 na cha 2010 kwa kufuatana, unaiona sauti ile ile ikiwa imepungua nguvu na kuongezeka uangalifu, na Clegg yule yule akiwa bado anashangazwa na wanawake, magari na mauti. Alipofariki mwaka 2017 alizikwa karibu na Owen katika uwanja wa kanisa huko Upperthong, juu kidogo ya Holmfirth. Mji wenyewe bado unapokea wageni wanaokwenda kunywa chai katika mkahawa wa Sid, ambao ni mkahawa halisi sasa, na kupiga picha kwenye ngazi za Nora Batty.

Kwa anayetaka kuanza kutazama, ushauri wangu ni asianze na kipindi chochote anachokikuta kikirudiwa kwenye chaneli, kwa sababu uwezekano ni mkubwa kwamba atakutana na hodhi likiteremka kilima na kudhani ameshaijua tamthilia nzima. Aanze na misimu ya Foggy ya 1976 hadi 1979, awashe maandishi ya Kiingereza chini ya picha maana lafudhi ya Yorkshire humpita hata msikilizaji mzoefu, na avumilie vipindi viwili au vitatu vya kwanza hadi masikio yazoee mwendo. Kisha atazame Getting Sam Home, arudi kwa Blamire na mwanzo wa mwaka 1973, na vile vitatu vya mwaka 2000 avitazame kwa mpangilio wake, jioni moja, bila kuviruka. Misimu iliyobaki ni ya yule ambaye baada ya hapo atakuwa ameshawapenda watu hawa kiasi cha kutaka kukaa nao tu. Kwa misimu ya kwanza hadi ya nane natoa nyota tano. Kwa miaka ya Seymour na kurudi kwa Foggy natoa tatu, na ya nne ni kwa sebule ya Edie. Kwa kilichofuata baada ya mazishi ya Compo natoa mbili, na ninaendelea kukitazama.